Samadi na Mbolea ya Dukani Katika Jaruba Moja: Ushauri kwa Wakulima wa Mpunga wa Mwambao wa Mweru

Hoja yangu kwa wakulima wa mpunga wa Nchelenge ni moja: katika udongo wa mwambao wa Ziwa Mweru, mbolea ya dukani itumike kwa kiasi kidogo, na isiwekwe kamwe peke yake. Iandamane na samadi, mboji na, zaidi ya yote, mabua ya mpunga ambayo mara nyingi huishia kuchomwa moto baada ya mavuno. Anayenunua mifuko huku akichoma mabua analipia dukani kitu alichokuwa nacho nyumbani. Anayekataa mifuko kabisa na kutegemea samadi tu anaudai udongo kile ambacho haukuwahi kuwa nacho cha kutosha. Ninawaambia haya wasomaji wa Kiswahili kwa sababu ziwa hili linao pande zote mbili: ng'ambo kuna Kilwa na Pweto za Kongo, na upande wa Zambia, ndani ya wilaya ya Nchelenge, kuna makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya watu waliokimbia machafuko ya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Kwa mwenyeji wa Kashikishi na kwa mgeni wa Mantapala, kwa mwenye lima moja na mwenye hekta tatu, hesabu ya udongo ni ileile.

Tuanze na udongo wenyewe. Nchelenge imo katika ukanda wa tatu wa kilimo wa Zambia, ule wa kaskazini unaopata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ni neema kwa mpunga, lakini kwa karne nyingi imekuwa ikiosha madini. Kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zimeshuka chini pasipofikiwa na mizizi, na kilichobaki juu ni udongo wenye asidi, uliojaa chuma na alumini. Udongo huo humgharimu mkulima mara mbili. Kwanza, fosforasi anayoiweka hunaswa na chuma na alumini, ikawa haipatikani tena kwa mmea. Pili, naitrojeni na potasiamu hazina pa kushikilia, kwa sababu kinachoshika chakula cha mmea katika udongo wa aina hii ni mboji, na mboji ni chache. Udongo usio na mboji hushika urea jinsi wavu wa matundu makubwa unavyoshika samaki wadogo wa chisense. Wazee wa kaskazini mwa Zambia waliujua udongo huu vizuri. Kilimo cha chitemene, cha kukata matawi ya eneo kubwa, kuyarundika na kuyachoma ili ulezi upandwe kwenye majivu, kilikuwa jibu lao kwa asidi na uhaba wa madini. Jibu hilo lilihitaji misitu mipana na watu wachache. Mpunga wa leo hulimwa mahali palepale kila mwaka, mabondeni na kwenye dambo, na chakula chake lazima kiletwe kwa njia nyingine.

Mpunga una bahati ambayo mahindi na mihogo haina. Jaruba likikaa na maji kwa wiki chache, hewa huisha udongoni, asidi hupungua yenyewe, na sehemu ya fosforasi iliyonaswa na chuma huachiliwa. Ndiyo maana bonde linalotunza maji vizuri huweza kuzaa hata pale ambapo shamba la juu limechoka. Lakini maji hayohayo yana hatari zake. Chuma kinachoyeyuka kikizidi hudhuru mmea: majani ya chini hupata madoa ya kahawia yanayoanzia nchani, na juu ya maji hutanda utando wa rangi ya kutu. Halafu kuna naitrojeni. Ile iliyo katika umbo la naitreti ikikutana na udongo usio na hewa hugeuka gesi na kupotea angani. Kwa hiyo CAN, au mbolea nyingine yoyote yenye naitreti, hata kama imezoeleka kwenye mahindi, haifai katika jaruba lenye maji. Inayofaa ni urea, tena kwa utaratibu nitakaoueleza hapa chini.

Ushahidi kwamba mbolea ya viwandani haitoshi ikiwa peke yake umekusanywa kwa miaka mingi. Kabete, karibu na Nairobi, watafiti wa Kenya walianza mwaka 1976 jaribio la muda mrefu la mahindi na maharage, wakilinganisha mashamba yaliyopewa mbolea, samadi, mabua, na mchanganyiko wa vyote. Mavuno bora yalitoka pale vitu hivyo vilipotumika pamoja. Saria, nchini Burkina Faso, jaribio la mtama lililoanza mwaka 1960 lilionyesha kwamba mbolea ya viwandani pekee huanza vizuri kisha mavuno hushuka, kwa sababu udongo unazidi kuwa na asidi; samadi ilipoongezwa, anguko hilo lilizuiwa. Viongozi wa Afrika nao wamejifunza. Walipokutana Abuja mwaka 2006 walijiwekea lengo la kilo za mbolea kwa hekta. Walipokutana Nairobi Mei 2024, jina la mkutano lenyewe likawa la mbolea na afya ya udongo. Msomaji makini atasema kwamba mahindi na mtama ni mazao ya nchi kavu, na kwamba udongo wa mpunga ukiwa chini ya maji hutunza mboji yake muda mrefu zaidi. Ni kweli, na majaribio ya mpunga wa umwagiliaji yanayoendelea Ufilipino tangu miaka ya 1960 yanathibitisha hivyo. Lakini jaruba la huko hupata maji ya mfereji karibu mwaka mzima. Jaruba la Nchelenge hutegemea mvua, na kuanzia Mei hadi Oktoba hukauka na kupigwa na jua. Kwa nusu ya mwaka ni shamba la nchi kavu, na mboji yake huoza na kuisha vilevile.

Sasa tufanye hesabu, tukitumia lima, yaani robo ya hekta, mita 50 kwa mita 50. Kwa kipimo kinachotumiwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, kila tani ya mpunga huhitaji takriban kilo 15 za naitrojeni, kilo 6 za fosfeti na kilo 18 za potashi. Tuseme lima lako sasa linatoa kilo 300 bila kuongezwa kitu, nawe unataka kilo 750, sawa na tani 3 kwa hekta. Mpunga huo utahitaji kilo 11 hivi za naitrojeni. Udongo wenyewe umekwisha kuonyesha kwamba unaweza kutoa kama 4 na nusu, kwa hiyo pengo ni karibu kilo 7. Samadi iliyoiva ya kawaida ina naitrojeni kama asilimia 1, na katika msimu wa kwanza huachilia theluthi moja tu ya hiyo. Kuziba pengo lote kwa samadi kungehitaji tani 2 za samadi kwa lima moja, mzigo ambao familia isiyo na mkokoteni haiwezi kuubeba. Lakini ukiweka kilo 750 za samadi, nusu mfuko wa mbolea ya kupandia ya Kompaundi D na robo mfuko wa urea, hesabu inakaribia kabisa kukamilika. Samadi itatoa kilo 2 na nusu. Mbolea hizo mbili zina kilo 8 za naitrojeni, na zikiwekwa kwa uangalifu mpunga utanasa kama nusu yake. Fosfeti iliyo katika nusu mfuko wa D ni kilo 5, nayo inalingana na mahitaji ya mavuno yote.

Potashi ndiyo inayofichua thamani ya mabua. Mavuno ya kilo 750 huhitaji kilo 13 na nusu za potashi, na nusu mfuko wa D una kilo 2 na nusu tu. Mkulima akiitafuta iliyobaki katika Kompaundi D, atanunua zaidi ya mifuko miwili mizima kwa lima moja. Hana sababu ya kufanya hivyo, kwa sababu takriban asilimia 80 ya potashi ya mpunga haiendi kwenye punje. Inabaki kwenye mabua, pamoja na kama asilimia 40 ya naitrojeni na theluthi ya fosforasi. Punje tu ndizo zinazopaswa kuondoka shambani kwenda sokoni. Mabua yakirudi, deni la potashi karibu linalipwa lote. Watu husema kwamba potashi haiungui, kwamba ukichoma inabaki kwenye majivu. Hilo ni kweli kwa potashi, lakini karibu naitrojeni yote huenda na moshi, na sehemu ya salfa pia, na mboji ambayo ingejengwa haijengwi tena. Isitoshe, mabua huchomwa pale yalipopurwa, kwa hiyo majivu hukusanyika sehemu moja na lima lililobaki halipati kitu. Upepo wa Agosti na mvua ya kwanza humaliza kilichobaki. Mabua yana faida nyingine: yana silika nyingi, ambayo huimarisha ukuta wa jani na kusaidia mpunga kustahimili ugonjwa wa blasti. Pumba zilizorundikana nyuma ya mashine ya kukoboa zina silika hiyohiyo, na zikichomwa kwa moshi mzito hadi ziwe nyeusi kama mkaa, bila kufikia kuwa jivu jeupe, hudumu udongoni kwa miaka.

Pingamizi linalosikika mara nyingi ni kwamba mkoa wa Luapula si nchi ya ng'ombe, basi samadi itoke wapi. Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba tusiifikirie samadi kuwa ya ng'ombe tu. Kuku na mbuzi wako karibu kila kijiji, na kinyesi cha kuku kina naitrojeni na fosforasi maradufu au zaidi kuliko cha ng'ombe. Mihogo, chakula kikuu cha mkoa huu, huacha maganda kila siku. Yakikaushwa na kuchanganywa kwenye lundo la mboji, sumu yake huisha. Mwambao wenyewe una kitu ambacho wakulima wa bara hawana: vichwa, magamba na matumbo ya samaki, yenye naitrojeni na fosforasi nyingi, ambayo hutupwa kando ya vituo vya kuanikia na kukaushia. Hayo yafukiwe katikati ya lundo, kwa kina cha mkono, ili mbwa na nzi wasiyafikie. Samaki waliotiwa chumvi wasitumike. Majivu ya majiko ya kukaushia samaki yana potashi na hupunguza asidi, lakini yana sharti lake: yasichanganywe na samadi mbichi, kinyesi cha kuku wala urea, kwa sababu hufukuza naitrojeni ikawa hewa. Yamwagwe shambani wiki mbili au tatu kabla ya hivyo vingine. Kuna pia utupa, mmea unaojulikana ziwani kwa kulevya samaki. Ni jamii ya kunde, hutengeneza naitrojeni, na katika mashariki ya Zambia umetumika kurutubisha mashamba ya mahindi yaliyopumzishwa. Unafaa kupandwa kwenye ardhi ya juu na majani yake kuozeshwa kwenye lundo. Usitupwe mbichi kwenye jaruba ambalo maji yake hutoka kuelekea ziwani au kwenye bwawa la samaki.

Lundo la mboji halina siri kubwa. Tandaza mabua yaliyokatwakatwa, kina cha shubiri moja. Juu yake weka kinyesi cha kuku au mbuzi, au taka za samaki, kina cha vidole vitatu. Nyunyiza udongo kidogo wa juu, mwagia maji, kisha rudia hadi lundo lifike kiunoni. Lifunike kwa majani ya migomba kulikinga na jua, na lisikae mahali penye mchwa. Baada ya wiki tatu ligeuze ili la nje liingie ndani, na urudie hivyo tena baada ya wiki nyingine tatu. Kupima kama limeiva, chukua konzi moja na uikamue. Ikitoa maji mkononi, imelowa kupita kiasi. Ikisambaratika mara tu ukifungua vidole, ni kavu mno. Ikishikamana, ikanukia udongo, na usiweze tena kutofautisha bua na ganda, iko tayari. Ikinuka mkojo au ikiwa bado ina joto, iache. Miezi mitatu ya kiangazi inatosha, na kiangazi cha Nchelenge kina zaidi ya hiyo.

Hapa lazima nitoe onyo ambalo watetezi wa samadi hulisahau. Kitu kibichi kinachofukiwa jarubani siku chache kabla ya kupandikiza hudhuru mpunga. Bua la mpunga lina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na vijidudu vinavyolila hunyang'anya naitrojeni ya udongo, miche ikabaki ya manjano kwa wiki kadhaa. Chini ya maji hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kuoza bila hewa hutoa asidi na gesi zinazodhuru mizizi, na katika mabonde yenye kutu huongeza chuma kinachoyeyuka. Mabua mabichi yafukiwe wiki tatu au nne kabla ya kupandikiza, au yapite kwanza kwenye lundo. Kuna njia ya kujua kama umekosea. Wiki ya nne baada ya kupandikiza, ng'oa shina moja kwa uangalifu, lioshe mizizi kwenye maji safi, uitazame na kuinusa. Mizizi mipya myeupe na mingine yenye rangi ya kutu nyepesi ni dalili nzuri, inapumua. Mizizi myeusi, laini, yenye harufu ya yai bovu inakuambia udongo umekosa hewa. Toa maji, acha jaruba likauke hadi nyufa ndogo zianze kuonekana, kisha rudisha maji. Usikimbilie kuongeza urea kwa sababu majani ni ya manjano. Mzizi ulioumia hauwezi kuinyonya.

Kuhusu mbolea ya dukani, inachoamua faida si idadi ya mifuko tu. Pa kuiweka na siku ya kuiweka vina uzito mkubwa zaidi. Kompaundi D, yenye naitrojeni asilimia 10, fosfeti 20 na potashi 10, iwekwe wakati wa kuchavanga, kabla tu ya kupandikiza, na ichanganywe na tope. Fosforasi haitembei udongoni, kwa hiyo ikibaki juu ya maji ni hasara. Kwa jaruba la mita 10 kwa 10, kilo 1 inatosha, pamoja na kilo 30 za mboji iliyotangulia. Kuwepo kwa mboji hapo si bahati: asidi zinazotoka kwenye mboji hushika chuma na alumini, na hivyo huipunguzia fosforasi maadui. Urea igawanywe mara mbili, gramu 250 kila mara kwa jaruba la ukubwa huohuo. Mara ya kwanza ni wiki tatu baada ya kupandikiza, baada ya palizi, maana ukiweka kabla unalisha magugu. Mara ya pili ni pale mmea unapoanza kutengeneza suke, na siku hiyo usiikisie. Kata shina kuu moja, lipasue kwa wembe kuanzia chini, utafute juu ya pingili ya mwisho kitu kidogo cheupe chenye umbo la koni na urefu wa milimita moja au mbili. Ukikiona, wakati umefika. Siku ya kuweka, punguza maji hadi libaki tope, subiri umande ukauke kwenye majani, sambaza, na rudisha maji baada ya siku mbili au tatu. Urea inayorushwa kwenye maji yenye jua kali hugeuka hewa ya amonia. Pale maji yasipoweza kupunguzwa, finyanga urea ndani ya vidonge vya tope na uvizamishe katikati ya mashina manne, kina cha kidole. Ni kazi, lakini huokoa kile ulicholipia.

Kuna anayeuliza kwa nini asiongeze urea mara mbili, akapate zaidi. Jibu liko kwenye mbegu. Supa na Kilombero, mipunga yenye harufu inayopendwa sokoni, ni mirefu. Naitrojeni ikizidi hurefuka, hulala na kuozea majini, na majani laini yenye kijani kizito ndiyo yanayovutia blasti. Viwango nilivyovitaja ni vya mbegu za namna hiyo. Mwenye mbegu fupi za kisasa na maji ya uhakika anaweza kuongeza urea kwa nusu, asizidi hapo kabla ya kupima.

Pingamizi jingine ni la nguvu kazi: nani atabeba, atageuza, atafukia? Hapa kalenda ya ziwa inatusaidia. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu ndiyo ya kupandikiza mpunga, kupalilia na kuweka urea. Familia ya wavuvi haina mikono huru zaidi ya wakati huo. Kazi ya lundo nayo huanguka kati ya Julai na Septemba, baada ya mavuno ya Mei na Juni, wakati shamba halidai kitu. Oktoba mboji ibebwe shambani, Novemba ifukiwe na mvua za kwanza, Desemba au mapema Januari upandikize. Tatizo ni fedha, kwa sababu ziwa likifungwa mapato hukauka. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba urea inunuliwe Oktoba au Novemba mwanzoni, samaki wakiwa bado wanauzwa, hata kama ni nusu mfuko wa kugawana na jirani. Mbolea iliyofungwa vizuri, ikainuliwa juu ya sakafu, haiharibiki kwa miezi michache. Na ikiwa mbolea ya ruzuku ya FISP, ambayo mpango wake umejengwa zaidi kuzunguka mahindi, itakuja baadaye au haitakuja, mwenye mboji atakuwa na cha kuanzia wakati asiye nayo anangoja.

Wengine huhofia ziwa, nami nauheshimu wasiwasi huo kwa sababu Mweru ndiyo mboga na mshahara wa wilaya hii. Naitrojeni na fosforasi zikitiririka ziwani hulisha mwani na magugu, na sehemu ya kusini ya Mweru ni ya kina kifupi. Lakini mbolea inayofika ziwani ni ile ambayo udongo ulishindwa kuishika na mmea haukuinyonya. Dozi ndogo, mara mbili, kwenye tope, katika udongo wenye mboji, ni kinga bora kuliko dozi kubwa iliyorushwa mara moja. Tengeneza matuta imara yenye kimo cha sentimita 30, usiweke mbolea mawingu yakiwa yameshuka, na uache ukanda wa matete kati ya jaruba lako na maji ya ziwa bila kuulima. Ukanda huo hunasa tope na mbolea, na samaki wachanga hujificha humo.

Pingamizi la mwisho ni la haki ya ardhi. Anayekodi bonde kwa msimu mmoja, au mkimbizi asiyejua kama mwakani atakuwa Mantapala, huuliza kwa nini ajenge udongo ambao mwingine ataula. Simlaumu. Namshauri tu atenganishe yanayolipa mara moja na yanayolipa taratibu. Kuweka urea kwa wakati, kutumia mboji yenye kinyesi cha kuku na kuweka majivu mapema hulipa msimu uleule. Mabua, pumba zilizochomwa na chokaa hulipa kwa miaka kadhaa, na hayo anaweza kuyajadili na mwenye ardhi: mabua yarudi shambani, kodi ipungue au mkataba uwe wa misimu mitatu. Chokaa yenyewe, kwa kuwa ni nzito na hutoka mbali, mkulima wa mpunga asiinunue kabla ya udongo wake kupimwa, maana maji ya jarubani tayari humfanyia sehemu ya kazi hiyo. Afisa ugani wa wilaya ndiye wa kuulizwa namna ya kupata kipimo.

Siombi mtu yeyote aniamini kwa maneno. Msimu ujao tenga vitalu vinne vya mita 5 kwa 5, kila kimoja kikiwa na tuta lake ili maji yasihamishe mbolea. Kitalu hicho ni sehemu moja ya mia ya lima, na hilo hurahisisha vipimo: cha kwanza usiweke kitu, cha pili weka kilo 7 na nusu za mboji, cha tatu gramu 250 za Kompaundi D na gramu 125 za urea kwa awamu mbili, cha nne weka vyote. Mbegu, siku ya kupandikiza na palizi viwe sawa kwa vyote. Vuna kila kitalu peke yake, pura, peta, kausha na upime kwa mizani moja. Kila kilo ya kitalu ni kilo mia moja kwa lima. Kisha toa gharama za mbolea na ulinganishe faida, si uzito tu. Rudia kwa misimu mitatu kwenye vitalu vilevile, kwa sababu msimu mmoja huonyesha nguvu ya urea, na mitatu huonyesha nguvu ya mboji. Wakulima watano wa bonde moja wakifanya hivyo na kuketi pamoja na takwimu zao mwezi wa Juni, watakuwa na ushauri unaofaa bonde lao kuliko wowote unaoweza kuandikwa kutoka mbali, huu wangu ukiwemo. Ukishindwa yote hayo kwa mwaka huu, fanya moja: mabua ya mavuno yajayo usiyachome.